Lisbon kwa fremu 15: siku tano na stendi ya kamera

Jumatatu

Ndege zinazotua Lisbon zikitokea upande wa kusini huvuka mto Tejo na kushuka juu ya mji wenyewe, kwa hiyo kabla sijakanyaga ardhi nilikuwa nimeshaona mapaa mekundu, daraja jekundu, na mto mpana kiasi cha kukaribia kuwa bahari. Nilibandika paji la uso kwenye dirisha mpaka magurudumu yakagusa chini.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, naishi Dar es Salaam, ila nimezaliwa Kilwa Masoko. Kila nikirudi nyumbani napiga panorama, yaani picha pana inayounganishwa kutoka fremu nyingi, ya Kilwa Kisiwani nikiwa nimesimama upande wa Masoko: mikoko, majahazi, na lile Gereza ufukweni, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye na Waomani. Nimeipiga wakati wa maji kujaa na maji kupwa, alfajiri na jioni, na siku moja nikajiuliza meli zile zilitoka kwenye mji unaofananaje. Ndilo lililonileta hapa. Nataka kuupiga mji wao kama ninavyoupiga wetu, nikiwa ng'ambo ya maji.

Mjomba wangu, anayevusha wageni kwa boti kwenda Kisiwani, aliniaga kwa maneno machache: "Ukifika, nitazamie dhahabu yetu imewekwa wapi." Niliitikia tu. Sikujua kama kuna cha kutazama.

Jioni nikapanda Miradouro da Senhora do Monte. Miradouro ni uwanja mdogo juu ya kilima uliotengwa kwa ajili ya kutazama mji, na Lisbon ina viwanja vya namna hiyo vingi, maana husemwa imekaa juu ya vilima saba. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinateleza kama sahani yenye mafuta. Nilipanda nikishika kuta za nyumba za watu.

Pale juu kila kitu kiko mbele yako. Kushoto ni ngome ya São Jorge, chini yake bonde la Baixa lenye mitaa iliyonyooka, kisha kuta za kanisa la Carmo ambalo halina paa tangu tetemeko la mwaka 1755, na mbali kabisa daraja na sanamu ya Cristo Rei ng'ambo ya mto. Jua lilizama saa moja kasoro, upande wa kulia. Nikapiga fremu 12.

Hotelini nikaona kosa. Nilikuwa nimesahau polaraiza kwenye lenzi. Kichujio hicho hukoleza bluu ya anga, lakini huikoleza zaidi pale anga inapokaa pembemraba na jua, na karibu na jua hakifanyi kitu. Kwenye picha moja ya kawaida inapendeza. Kwenye panorama iliyozunguka nusu ya upeo, anga yangu ilikuwa na bonge jeusi katikati na weupe kila upande. Hakuna programu ya kulifuta bila kuua anga yote. Nimekivua na kukifungia kwenye soksi chini ya begi.

Jumanne

Asubuhi nimekwenda Xabregas, mashariki ya mji, kwenye Museu Nacional do Azulejo. Makumbusho haya ya vigae yamo ndani ya utawa wa Madre de Deus, ulioanzishwa na Malkia Leonor mwaka 1509. Neno azulejo lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na ukitembea Lisbon unakutana na Kiarabu kila mahali: Alfama, mtaa wa zamani kuliko yote, jina lake linatokana na hamamu, na Alcântara linatokana na neno la daraja. Mji huu ulikuwa wa Waislamu hadi mwaka 1147.

Nilichokifuata kiko ghorofa ya juu. Ni panorama ya Lisbon ya vigae vya bluu na nyeupe, urefu wake kama mita 23, iliyochorwa karibu na mwaka 1700, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya Gabriel del Barco, mchoraji aliyezaliwa Hispania. Inaonyesha takribani kilomita 14 za ukingo wa mto, kuanzia magharibi ya Belém hadi Xabregas hii hii. Makanisa, maghala, soko la samaki, mashua, watu wadogo kama punje. Na katikati, Paço da Ribeira, jumba la mfalme lililokuwa limekanyaga ukingo wa maji. Casa da Índia, ofisi iliyoshika biashara yote ya pwani yetu na ya India, ilikuwa hapo hapo kwenye jumba.

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitikisika. Likafuata wimbi la bahari, ukafuata moto ulioendelea kwa siku kadhaa. Jumba likaondoka, na nyaraka zake nyingi zikaondoka nalo. Kwa hiyo kile kigae ndicho macho tuliyonayo ya mji ule. Nilisimama mbele ya jumba kwa muda mrefu hadi mlinzi akaja kuangalia kama nina shida.

Halafu likaja jambo ambalo mpiga picha halikwepi. Nilijaribu kutafuta mchoraji alikuwa amesimama wapi, nikashindwa. Kila jengo linakutazama usoni. Belém inakutazama, jumba linakutazama, Xabregas inakutazama, na hizo ni kilomita 14. Mtu aliyesimama sehemu moja angeiona Belém ikiwa imelala pembeni na kunywea kwa umbali. Huyu alitembea. Alikwenda mbele ya kila jengo, pengine kwa mashua, akalichora, kisha akaviunganisha vyote kana kwamba ni tazamo moja.

Panorama yangu ni kazi nyingine. Mimi nasimama nukta moja na kugeuka, kama Robert Barker, Mwayalandi aliyeisajili mbinu hiyo mwaka 1787 kule Edinburgh na baadaye akachora London nzima kutoka juu ya paa la kiwanda. Katika namna hiyo vitu vya mbali hudogoka na vya karibu hukua, na kila kitu kinategemea pale ulipoweka miguu. Ukikosea mahali pa kusimama, lenzi ghali haikuokoi. Basi kazi yangu ya kweli hapa ni kutafuta mahali. Jioni yote nimeipitisha kwenye ramani ya simu nikikagua ukingo wa kusini, upande wa Almada.

Jumatano

Mvua toka alfajiri. Na parafujo imepotea.

Ni ile inayoikaza kamera kwenye kibao cha stendi, nene robo inchi, fupi kama kucha. Bila hiyo kamera haikai, na bila kamera kukaa hakuna panorama ya maana. Nimemwaga begi zima kitandani, nimepekua mifuko yote, haipo. Nadhani ilianguka kwenye mawe ya Senhora do Monte.

Nikatoka na koti la mvua. Duka la kwanza la kamera lilikuwa limefungwa, la pili lilitaka ninunue stendi nzima. Nikaingia kwenye kiduka cha vyuma na rangi kwenye kichochoro, cha mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kireno sina. Kiingereza hana. Nikamwonyesha kibao, nikamwonyesha tundu, na kwa kukata tamaa nikasema kwa Kiswahili, "Parafujo."

Akainua kichwa. "Parafuso!"

"Parafujo," nikarudia.

Akacheka kwa furaha, nikacheka, akagonga meza kwa kiganja na kusema "mesa," nami nikasema "meza." Akavuta kitambaa mfukoni, "lenço," nikasema "leso." Tukaenda hivyo hadi bendera na kasha. Nimezisema hizi zote tangu utotoni, na shuleni niliambiwa ni za mkopo, lakini sijawahi kukutana na mwenye mali ana kwa ana. Akatoa kopo la maziwa lililojaa skrubu za kila aina, akalimwaga juu ya gazeti, na tukachambua wote wawili kama wanaochambua mchele. Nyingi zilikuwa za kipimo cha milimita, haziingii. Mwishowe ikapatikana moja ya shaba, ya kamera ya zamani. Ikaingia hadi mwisho. Alikataa hela, nikamwachia sarafu juu ya gazeti na kutoka haraka kabla hajanirudishia.

Mvua haikukatika, nikaingia Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, yaliyo juu ya gati ya Rocha do Conde de Óbidos. Nilifuata paa kwanza, sanaa baadaye, nasema kweli. Na ndani nikaikuta.

Ni monstransi, kile chombo cha Wakatoliki cha kuonyeshea Ekaristi. Urefu wake kama sentimita 70, wote dhahabu, na rangi za enameli zimepakwa kwa uangalifu wa ajabu. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, ule mkate wa Ekaristi, kila mmoja na uso wake. Chini kuna tufe za pete, nembo ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Inaitwa Custódia de Belém na fundi wake hutajwa kuwa Gil Vicente. Kwenye kitako yamezungushwa maandishi, nami nilitangulia kuona neno moja kabla ya kusoma mengine: Kilwa, kwa tahajia yao ya zamani. Maandishi yanasema mfalme aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Mwaka 1503 dhahabu ikafika Lisbon. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na meli zake, na safari hiyo mji ukatekwa na kuporwa. Dhahabu ilikuwa ya Sofala na nyanda za Zimbabwe, ikipitia mikononi mwa wazee wetu, nayo ndiyo iliyojenga kuba za Msikiti Mkuu tunazoingia chini yake hadi leo. Historia hiyo nilikuwa naijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba inashikika, ina uzito, imewekwa kwenye kioo na taa juu yake, na ni nzuri kiasi cha kukukosesha pumzi. Nimesimama pale na hasira na sifa kwa fundi vikiwa pamoja kifuani. Naamini kila mtoto wa Kilwa anastahili kuiona hii walau mara moja, na kuiona Kilwa.

Nilipiga picha moja bila flashi. Kioo kilirudisha uso wangu juu ya dhahabu. Sikuifuta.

Alhamisi

Mvua inaosha hewa. Baada yake vumbi na ukungu vimeshuka, na mtu anaweza kuhesabu madirisha ya mji kwa umbali wa kilomita mbili. Siku ya namna hii ikikukuta umelala, umeikosa.

Nilipanda feri ya mapema kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas, safari ya dakika 10 hivi. Wafanyakazi walikuwa wanakuja upande wa mjini, mimi nikienda kinyume na boti karibu tupu. Kutoka Cacilhas nikatembea kupanda hadi Boca do Vento, juu ya genge la Almada. Jina lake maana yake ni mdomo wa upepo, na jina halidanganyi.

Sababu ya kupachagua ni jua. Lisbon iko ukingo wa kaskazini na uso wake unatazama kusini. Ukisimama Almada, jua liko nyuma yako sehemu kubwa ya siku na mji wote unapokea mwanga usoni. Saa tatu asubuhi ya Oktoba linatokea nyuma ya bega la kulia, kwa hiyo kila jengo linapata pia kivuli kidogo upande wa kushoto. Bila kivuli hicho mji huwa karatasi.

Nitaeleza nilivyofanya, maana vijana wengi huniuliza. Kamera nimeisimamisha wima, ili panorama iwe na kimo na isiwe utepe mwembamba. Lenzi ni milimita 85. Nikasawazisha kichwa cha stendi kwa pimamaji, na nikazungusha mara moja bila kupiga, kuhakikisha mstari wa maji haupandi wala haushuki. Fokasi kwa mkono, nikailenga mjini na kuifunga isihame. Mwangaza kwa mkono pia, nikiupima kwenye ukuta mweupe kuliko yote, maana ukiiachia kamera ijichagulie, kila fremu itatoka na anga yake. Rangi ya mwanga nikaifunga isibadilike. Kisha nikageuza kwa hatua za digrii 10. Lenzi hii ikiwa wima huona kama digrii 16, kwa hiyo fremu moja inaingia ndani ya jirani yake kwa zaidi ya theluthi, na programu inapata mahali pa kushika sindano.

Kuna suala la paralaksi. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, geuza kichwa: kidole kinahama mbele ya ukuta. Kamera nayo huona hivyo, isipozunguka juu ya nukta maalumu iliyo ndani ya lenzi. Kwa majengo ya mbali haina madhara. Lakini mbele yangu kulikuwa na uzio wa chuma nilioutaka uingie kwenye picha, kwa hiyo niliisogeza kamera nyuma kwenye reli hadi alama ya tepu niliyoibandika nikiwa nyumbani, na uzio ukatulia.

Upepo ulinisumbua kuliko yote. Nilivua mkanda wa kamera uliokuwa unapiga kama tanga, nikatundika begi chini ya stendi kuongeza uzito, nikangoja kati ya dharuba mbili. Na feri. Feri inayotoka mjini kuja Cacilhas ilikuwa inakata picha kuelekea kulia. Ukipiga kuelekea upande ule ule inakokwenda, utaikuta tena kwenye fremu inayofuata, na mwisho una feri tatu zinazofanana. Nikaanza kulia, nikaenda kushoto. Ikaingia mara moja tu.

Seti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ndiyo. Niliijua nikiwa bado naigeuza kamera.

Daraja liko kushoto, Ponte 25 de Abril, urefu wa mita 2,277. Lilifunguliwa mwaka 1966 likiitwa kwa jina la Salazar, dikteta wa Ureno, na likabadilishwa jina baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974, mapinduzi ambayo pia yaliharakisha uhuru wa jirani zetu wa Msumbiji. Magari yakipita juu ya sakafu yake ya nyavu za chuma linavuma kama mzinga wa nyuki, na mvumo huo unafika hadi Boca do Vento. Katikati ni magati na mji unaopanda nyuma yake. Kulia ni Praça do Comércio, uwanja uliojengwa pale jumba la mfalme lilipokuwa. Wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, kiwanja cha jumba, ingawa jumba halipo kwa zaidi ya miaka 260. Juu yake ngome, na pembeni kuba jeupe la Santa Engrácia, kanisa lililoanzwa mwaka 1682 na kumalizika mwaka 1966.

Mchana nilikwenda Cristo Rei, kwa kuwa kila mtu anasema lazima. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1959 na jukwaa la kutazamia liko juu ya nguzo za mita 82. Ni mahali pazuri pa kulitazama daraja. Kwa panorama ya mji naona ni juu mno: vilima vinalala, na Lisbon bila vilima inakuwa mji wowote. Sikufungua stendi.

Ijumaa

Nimeshinda chumbani nikishona. Fremu 15, digrii zipatazo 156. Programu ilikubali kila kiungo isipokuwa majini, ambako mawimbi ya fremu moja hayalingani na ya fremu nyingine. Hapo nikapitisha mshono kwa mkono, nikifuata ncha ya wimbi. Muda wa saa tatu umekwenda kwa kipande ambacho hakuna atakayekigundua.

Jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umeiona?"

Nikamwambia nimeiona, nikamwelezea mitume waliopiga magoti na maandishi ya kitakoni. Alikaa kimya kwa muda, nyuma yake nasikia mashine ya boti ikizimwa. Kisha akataka picha. Nikamtumia ile yenye uso wangu kwenye kioo, halafu nikamtumia panorama nzima.

"Hapa iko upande gani?"

"Hesabu kutoka kushoto. Fremu tano za mwanzo ni daraja. Ya tisa, juu ya gati, kuna jumba refu. Imo mle."

Nilimsikia akihesabu polepole, nadhani akipitisha kidole kwenye kioo cha simu.

"Nimeliona. Na wewe ulisimama ng'ambo?"

"Ng'ambo, mjomba. Kama tunavyosimama Masoko."

"Maji yana upana gani hapo?"

"Kilomita mbili hivi."

"Sawa na yetu." Akafikiri. "Na upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Kaskazini magharibi."

"Basi kutoka uliposimama ungekwenda kwa kubisha upepo," akasema. "Saa nzima hiyo, kwa jahazi zuri."